Egemea

Chuma hiki alikiunga Nangumbi, fundi mageti pale Newala,
kwa mabamba mawili ya lori lililofia Kitangari,
bawaba ya mlango, na kipande cha nondo cha kushikia.
Akaniuliza, "Mama Siwema, unatega panya?"
Nikamjibu, nategea unga.
Alicheka mpaka moto wake ukazimika.
Elfu ishirini na tano. Rangi sikutaka.

Umbo lake nililitoa kichwani.
Nililibeba tangu Mtwara, tangu jiko la kambi ya gesi,
nilikokuwa naosha masufuria,
na mpishi mmoja wa Meksiko, Kiswahili chake maneno saba,
akanionyesha kwa mikono: donge, nailoni,
shusha, inua.
Kisha kambi ikafungwa.
Nikapanda kurudi huku juu kwenye ukungu
na begi moja, na deni la duka la Chikongola,
na lile donge la kufikirika viganjani.

Jioni naloweka mahindi kwa maji ya majivu ya mkorosho.
Yanageuka manjano kama jicho la mgonjwa,
asubuhi ganda linateleza lenyewe, ukilisugua tu.
Kuosha ndiko kunakouma.
Huku kwetu ndoo ya maji ina bei na ina foleni;
maji ya mwisho siyamwagi, nayapeleka kwenye papai.

Halafu kinu. Halafu jiwe.
Donge liwe laini kama ndewe ya sikio:
likikauka, kingo zinapasuka kama kisigino cha kiangazi,
likilowa, linang'ang'ania nailoni kama yule mwenye duka.
Mfuko wa sukari nimeupasua ubavu,
jani la chini, jani la juu,
katikati donge la ukubwa wa limau.
Funika.
Usisukume.
Egemea.

Ya kwanza ilitoka ramani. Ya pili, sikio la tembo.
Ya tisa ilikuwa duara, nikaita watoto waje waone,
wakaja, wakasema, "Mama, leo tunakula karatasi?"
Na mama mkwe, Bi Somoe, kutoka mkekani kwake:
"Huo ni ugali uliopitiwa na lori."
Hakujua alivyoukaribia ukweli.

Bi Somoe hakula. Nilimkunjia kisamvu cha karanga ndani yake,
akala kisamvu, akarudisha karatasi.

Tangu masika iliyopita upande wake wa kushoto umelala.
Mwiko alinikabidhi bila neno:
asubuhi moja tu niliukuta umening'inia
upande wangu wa ukuta.
Mtu aliyesonga ugali wa misiba mitatu kwa siku moja
sasa anashikiwa kikombe.
Mikono ya watu wengine haimpendezi.
Anaitazama kama mtu anavyotazama
mgeni akifungua kabati lake.

Ilikuwa Alhamisi, mvua ya manyunyu, kuni zinatoa machozi.
"Kisogeze hicho chuma."
Nikakisogeza.
"Karibu zaidi. Mimi si twiga."
Akaweka kiwiko cha kulia juu ya nondo,
kisha bega, kisha yote:
mimba tisa, vikapu vya muhogo, 
miaka ambayo haihesabu.
Bawaba ikalia kii.

Tulipofunua,
ilikuwa nene upande mmoja, nyembamba upande wa pili,
kama alivyo mwenyewe siku hizi.
Sikusema kitu. Alikwisha kuona.
"Hii yangu," akasema. "Asipewe mtu."
Kikaangoni ikafura shavu moja.
Akaitazama. Naye likamfura la kwake,
lile linaloweza.

Sasa Alhamisi anabana arobaini, wakati mwingine na ushei,
watoto wanamtengea madonge kwenye ungo, na wakizidisha ukubwa
anawarushia.
Mimi nimebaki na moto.
Jana nilishika nondo kidogo tu, apumzike,
akanipiga kofi la mkono:
"Unasukuma! Nani alikufundisha kusukuma?
Egemea, mwanangu. Egemea,"
kama vile yule wa Meksiko
alijifunzia kwake.